Mitishamba ya kupunguza mwili: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela kwa kopo lolote lenye picha ya kiuno chembamba jiulize kitu kimoja, huu mmea ukiingia mwilini unafanya nini hasa? Maana ukiitazama vizuri hii mimea ya kupunguza mwili iko makundi machache tu, kuna inayoshibisha, kuna inayouchangamsha mwili kidogo, kuna inayoharisha, alafu kuna ile ambayo hata anayekuuzia hajui ndani kuna nini. Nimeipanga kwa kufuata hilo, kazi yake na usalama wake, sio umaarufu. Na hakuna hata mmoja utakaokupunguza wenyewe kama kula, kulala na kutembea kwako kuko vilevile. Mwendo mzuri ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na ukishapungua asilimia 5 tu ya uzito wako presha na sukari zinaweza kuanza kukaa sawa, kwa hiyo anayekuahidi kilo 10 kwa wiki mpite tu.

Namba moja ni maganda ya isabgoli, kwenye lebo tafuta jina Plantago ovata. Hizi ni nyuzinyuzi zinazonyonya maji na kuvimba tumboni zikawa ute mzito, basi unashiba mapema na njaa inachelewa kurudi, na ndo hapo wengi wetu tunaposhindwaga, mpango wa kula tunao ila njaa ya jioni inauvunja. Kilo zinazotoka kwa isabgoli peke yake ni chache, lakini unapata na mengine, kolesteroli mbaya inashuka, sukari haipandi ghafla baada ya kula, choo kinakuwa laini bila kukukimbiza. Nunua maganda matupu yenye kiungo kimoja tu, yale ya ladha ya chungwa soma nyuma kwanza kwa sababu mengi yamewekwa sukari. Anza na kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, koroga unywe hapohapo kabla haijaganda, ongeza taratibu la sivyo gesi itakutesa. Usiyameze makavu hata siku moja, yanaweza kukukaba kooni, na mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuziba utumbo aachane nayo. Kama una dawa unazokunywa kila siku zipishanishe nayo kama masaa mawili.

Namba mbili ni konjaki, mmea wa Asia wenye kiazi, nyuzinyuzi zake kwenye lebo utakuta zinaitwa glukomanani. Inafanya kazi kama isabgoli ila inavimba zaidi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilikubali kwamba inasaidia kupunguza uzito kwa mtu ambaye tayari amepunguza kula, kwa kipimo cha gramu 3 kwa siku, yani gramu 1 mara tatu kabla ya kula na glasi moja au mbili za maji. Sasa piga hesabu kabla ya kulipa, kopo la kapsuli 60 za miligramu 500 kwa kipimo hicho ni kapsuli 6 kwa siku, siku 10 limeisha, ile bei uliyoona rahisi sio rahisi tena. Nimeiweka ya pili sababu hatari ya kukwama kooni ni kubwa zaidi hasa ikiwa vidonge, kwa hiyo chukua unga au kapsuli.

Tatu, chai ya kijani, na namaanisha majani unayoyaloweka kwenye maji moto. Kafeini na katekini zake, yani kemikali za asili za majani ya chai, zinaongeza uchomaji wa mafuta kidogo sana, faida kubwa ni pale inapochukua nafasi ya kinywaji chenye sukari. Kapsuli za chai hiyohiyo ni habari nyingine kabisa, wataalamu wa Ulaya mwaka 2018 walionya kwamba miligramu 800 za EGCG, ile katekini kuu ya chai ya kijani, au zaidi kwa siku zinaweza kusumbua ini, kwa hiyo kapsuli hizo nazishusha huku chini.

Tangawizi, mdalasini, uwatu na siki ya tufaha ni vya jikoni, tumia kwa ladha, usinunue kapsuli zake kwa bei ya dawa. Mdalasini ukiupenda kila siku chagua wa Ceylon, ule wa kasia una kumarini nyingi ambayo ikizidi sio rafiki wa ini. Siki izimue na maji, inakula meno.

Sasa hizi chai za kupunguza tumbo, hapa naomba unisikilize. Nyingi ukisoma lebo ni sanamaki, imeandikwa Senna au Cassia angustifolia, na sanamaki ni dawa ya kufungua choo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa huko nyuma kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo nguvu ya chakula umebaki nayo, kilichotoka ni maji na chumvichumvi. Mzani unashuka kesho, ukinywa maji unarudi. Ukiitumia muda mrefu potasiamu inashuka na moyo unaweza kwenda vibaya. Ni ya kukosa choo kwa siku chache, isizidi wiki bila daktari.

Ya mwisho kabisa ni garsinia, kapsuli za tunda linaloandikwa Garcinia cambogia, ambayo imehusishwa na kuumia ini, pamoja na michanganyiko ya siri isiyotaja mimea yake. Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa dawa za kupunguza mwili ambazo mmea mmoja ulibadilishwa na Aristolochia, mmea wenye sumu ya figo. Na sibutramini, dawa ya viwandani ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, bado inakamatwa ndani ya kapsuli zilizoandikwa asilia tupu. Ukimeza kitu njaa ikapotea siku hiyohiyo, mdomo ukakauka, moyo ukaenda mbio na usingizi ukakataa, acha.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasianze chochote kati ya hivi kwa kujiamulia. Anayetumia dawa za sukari, presha au kuyeyusha damu apeleke kopo kwa mfamasia kabla halijafunguliwa. Na macho yakigeuka njano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo na kopo lenyewe mkononi, maana daktari atataka kuisoma ile lebo.