Mlinganyo wa Chen au wa Kandlikar, upi ukadirie upitaji wa joto kwenye bomba la evaporeta (sehemu ya jokofu au kiyoyozi ambamo kipozaji huchemka)?
Kipozaji kama R-134a kinapochemka ndani ya bomba, joto hupita kwa njia mbili: mapovu yanayozaliwa ukutani, na mkondo wenyewe unaokimbia. Mlinganyo wa Chen wa 1966 huzijumlisha, huku ukipunguza mchango wa mapovu kadiri mkondo unavyoongeza kasi. Naupenda kwa hilo, maana fizikia yake inaonekana wazi. Lakini ulijengwa kwa data za mabomba ya wima, za maji na vimiminika vya kikaboni. Tena ukijua joto linaloingia tu, jotoridi la ukuta hulijui, hivyo unakokotoa na kurudia hadi jibu litulie.

Mlinganyo wa Kandlikar (1990) huchukua kilicho kikubwa kati ya hesabu mbili, moja ya mapovu yakitawala na nyingine ya mkondo ukitawala, hakuna kurudia. Kila kipozaji kina namba yake ya kuzidisha mchango wa mapovu: R-134a 1.63, R-22 2.20, maji 1. Bomba likilala na namba ya Froude (msukumo wa mkondo ukilinganishwa na mvutano wa dunia) ikishuka chini ya 0.04, kimiminika hukaa chini na sehemu ya juu hukauka. Kandlikar anaihesabu hali hiyo, Chen haigusi.

Kwa evaporeta ya shaba iliyolala nachagua Kandlikar, ila sivuki asilimia 80 ya mvuke kwa uzito.