Kamusi ya Nahau ya Taiwan: nguvu za mtu kwa herufi nne

Ukitafuta mtandaoni Wachina wanasemaje kuhusu uwezo wa binadamu, utakutana na orodha ndefu za misemo iliyong'olewa mizizi. Maji yakidondoka hutoboa jiwe. Mzee alihamisha milima. Penye nia kazi hukamilika. Yote huonekana kusema jambo moja, kwamba ukijitahidi utaweza. Kumbe baadhi ya misemo hiyo ilizaliwa kama karipio, na nyingine husifu au kulaumu kutegemea nani anasimulia. Ndiyo maana zana inayostahili kusifiwa hapa ni Kamusi ya Nahau ya Wizara ya Elimu ya Taiwan, 成語典, ambayo iko mtandaoni bila malipo. Ina ugumu wake, lakini kwa mtu anayesoma Kichina cha kiwango cha kati na kuendelea, hakuna kamusi ya bure inayomfunza zaidi kuhusu nahau hizi.

Ubora wake uko katika mpangilio wa kidahizo. Baada ya matamshi na fasili huja 典源, yaani matini asilia ya kitabu cha kale pamoja na maelezo ya maneno magumu, kisha 典故說明, kisa chenyewe kwa Kichina cha leo. Chini yake kuna 用法說明, na hapa usipite mbio. Sehemu hiyo hueleza nahau inatumika kwa jambo la aina gani, hutoa sentensi za mfano, na pale nahau inapobeba lawama huandika waziwazi 貶義. Herufi hizo mbili zitakuepusha na aibu ya kumsifu mwenyeji wako kwa tusi. Nahau zinazokaribiana kimaana hulinganishwa pia katika 辨識, kwa alama ya duara panapofaa na ya msalaba pasipofaa.

Chukua 螳臂當車, vunjajungu anayenyoosha mikono kuzuia gari. Kwa Mswahili picha hiyo haihitaji tafsiri: ni ndugu yake anayeshindana na tembo kunya hadi akapasuka msamba. Chimbuko lake ni sura ya 4 ya Zhuangzi, kitabu cha kale cha falsafa, na pale kosa la mdudu si udhaifu. Kosa ni kutojua kuwa kazi imemzidi. Ila kitabu kingine cha kale, Huainanzi, kina kisa tofauti. Mtawala Zhuang wa dola ya Qi alikwenda kuwinda, akamwona vunjajungu akiinua mikono dhidi ya gurudumu. Aliposikia kwamba mdudu huyo hujua kwenda mbele tu wala hajui kurudi nyuma, alisema angekuwa mtu angekuwa shujaa wa dunia nzima, akaligeuza gari lake kumpisha. Mdudu ni yule yule na gari ni lile lile, hukumu ndizo mbili. Katika matumizi ya leo lawama ndiyo iliyoshinda, kwa hiyo usimwambie mtu nahau hii ukidhani unamtia moyo.

Jozi yenye mafunzo mengi zaidi imo katika sura ya Tang Wen ya kitabu cha Liezi. Hapo ndipo alipo Yugong wa 愚公移山, mzee wa karibu miaka 90 aliyechoshwa na milima ya Taihang na Wangwu iliyouziba mlango wake. Milima hiyo ilikuwa na eneo la li 700 (kipimo cha Kichina cha umbali) kila upande. Mzee mwenye busara alipomcheka, alijibu kwamba yeye akifa mwanawe yupo, na wajukuu watazaa, ilhali mlima hauongezeki. Wengi huishia hapo. Wakisoma hadi mwisho wataona kwamba Mfalme wa Mbinguni, akiguswa na ukweli wa nia yake, aliwatuma wana wawili wa Kua'e waibebe milima. Jembe halikuimaliza kazi! Na aya inayofuata mara moja ni ya Kuafu, jitu lililolikimbiza jua, likanywa Mto Manjano na Mto Wei visitoshe, likafa kwa kiu njiani kuelekea kwenye ziwa kubwa. Matini inaanza kwa kusema kwamba Kuafu hakupima nguvu zake. Aliyekusanya visa hivyo aliviweka ubavu kwa ubavu, na anayetumia kimoja bila kukijua kingine hupoteza nusu ya maana. Tangu hotuba ya Mao Zedong ya Juni 11, 1945, Yugong amesikika zaidi kama wito wa kazi, na zile mbingu zilizombebea milima husahaulika.

Kisha 滴水穿石, maji yakidondoka hutoboa jiwe, pamoja na mwenzake 繩鋸木斷, kamba kukata mti kama msumeno. Mswahili atatabasamu, maana sisi tunasema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Tena picha ni ile ile ya kamba ya kuteka maji kisimani. Mwandishi Mei Cheng, katika waraka wake kwa mfalme wa Wu zama za nasaba ya Han, aliandika kwamba maji si keekee ya jiwe na kamba si msumeno wa mti. Ni kulika kidogo kidogo. Tofauti iko kwenye shabaha. Mei Cheng hakuwa akimhimiza mfalme ajitahidi. Alikuwa akimwonya kwamba madhara madogo hujikusanya hadi yakaangusha dola, na kweli uasi alioufanya mfalme huyo mwaka 154 kabla ya Kristo uliishia katika kifo chake. Katika kisa cha zama za nasaba ya Song, hakimu Zhang Yong wa Chongyang alimkamata karani aliyetoka hazinani na sarafu moja kichwani. Karani alibisha kuwa sarafu moja si kitu. Hakimu akaandika: siku moja sarafu moja, siku elfu sarafu elfu, kamba hukata mti, maji hutoboa jiwe. Akamkata kichwa kwa mkono wake. Leo nahau hii ni ya kumtia moyo mwanafunzi, na unaweza kuitumia hivyo bila wasiwasi, lakini ukikutana nayo katika matini ya kale soma kwanza ni nani anayeonywa.

Sasa ugumu. Maelezo yote ni ya Kichina, tena kwa herufi za jadi. Aliyejifunza herufi rahisi za China Bara ageuze kwanza: 当 iwe 當, 绳锯 iwe 繩鋸. Matamshi nayo ni ya Taipei. Herufi 期, kwa mfano, huko ni qí, Beijing ni qī. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba hii ni kamusi ya nahau, nyingi za herufi nne, si ya methali ndefu. Methali kama 謀事在人,成事在天, mtu hupanga na mbingu hukamilisha, itafute katika kamusi kubwa ya wizara hiyo hiyo, 重編國語辭典修訂本. Maneno hayo mwanamikakati Zhuge Liang anayasema katika sura ya 103 ya riwaya ya Falme Tatu, baada ya mvua kuuzima moto aliomtegea adui yake Sima Yi bondeni.

Programu ya simu ya Pleco ni msaidizi mzuri. Hufanya kazi bila intaneti, huonyesha herufi za aina zote mbili, na kamusi zake za bure hutosha kwa hatua ya kwanza. Ila fasili zake fupi zisiwe kituo chako cha mwisho. 人定勝天 hufasiriwa kuwa mtu aweza kuyashinda maumbile, basi. Rekodi za Kihistoria za Sima Qian zina kauli ya zamani zaidi inayofanana nayo, aliyotumiwa Wu Zixu, mkimbizi wa dola ya Chu aliyerudi kulipiza kisasi, baada ya kufukua maiti ya mfalme wa Chu na kuichapa viboko 300: watu wakiwa wengi huishinda mbingu, lakini mbingu ikishaamua nayo huweza kumvunja mtu. Kipande hicho cha pili ndicho kinachokosekana kwenye mabango.

Kwa matini nzima nenda kwenye tovuti ya Chinese Text Project, nayo ni bure. Nakili maneno manne au matano kutoka 典源 (si nahau yenyewe, kwa sababu mara nyingi nahau ni ufupisho ambao haumo kitabuni), yabandike kwenye sehemu ya kutafutia, kisha soma aya iliyotangulia na inayofuata. Vitabu kadhaa, Zhuangzi kikiwemo, vina tafsiri ya Kiingereza ya James Legge kando. Ile ya Zhuangzi ni ya mwaka 1891, lugha yake nzito, ila hukuonyesha sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi.

Anayeanza Kichina bado hajafika hapa, Pleco itamtosha. Mfasiri na mwalimu wanaihitaji, na mwanafunzi anayesoma matini za magazeti atafaidika nayo akitenga kama nusu saa kwa kila nahau. Kwa kujipima, anza na 鞭長莫及: mjeledi hata uwe mrefu, haufiki tumboni mwa farasi. Tafuta aliyeomba msaada, aliyeukataa, na kwa nini mjeledi ukatajwa.