Logeion: kamusi ya bure ya Kilatini, tumeipima kwa neno "luna"

Logeion ni tovuti ya Chuo Kikuu cha Chicago iliyokusanya kamusi za Kilatini na Kigiriki mahali pamoja, na huilipii hata senti. Tumeipima kwa luna, jina la mwezi kwa Kilatini.

Andika luna tupu, bila kistari juu ya u, tena umbo la kiima, si lunam. Zitajipanga kamusi kadhaa. Anza na Lewis ndogo ya wanafunzi, ndipo uingie Lewis na Short ya 1879, ambayo ndiyo yenye nyama. Ukiikimbilia kubwa kwanza, vifupisho vitakuzamisha. Kikubwa cha kukishika ni kifupisho Transf. (maana iliyohamishwa): hapo maana ya asili imekwisha, zinaanza zilizotanuka. Anayeishia juu hubaki na mwezi wa angani tu, asijue kwamba luna ni pia mwezi wa kalenda, ni usiku, na ni pambo la hilali kwenye viatu vya maseneta wa Roma. Pembeni mwa hilo pameandikwa Juv. 7, 192, yaani mshairi wa Roma Juvenal, shairi la 7, mstari wa 192.

Utamu uko kwenye semi. Luna laborat, "mwezi unataabika", ni mwezi umepatwa. Luna silens, "mwezi ulionyamaza", ni ule usioonekana, giza la mwezi. Luna quarta ni siku ya nne tangu mwezi kuandama. Mzungu anahitaji kufafanuliwa hilo, lakini aliyekulia Pwani akisikia watu wakiulizana "leo mwezi ngapi?" ameshaelewa.

Asili ya neno isome kwa tahadhari. Lewis na Short wanaandika luc-na, kutoka lux, nuru. Mzizi ni sahihi, ila wanaisimu wa leo hujenga umbo la kale kuwa leuksna.

Kasoro kubwa ni kwamba Lewis na Short imejikita katika Kilatini cha kale. Kwenye vitabu vya alkemia, yaani kemia ya kale, luna ni madini ya fedha, kama sol, jua, ilivyo dhahabu. Ndiyo maana nitrati ya fedha ikaitwa causticum lunare. Ukitafsiri "mwezi" hapo umeharibu mchanganyiko mzima. Kwa maandishi ya Zama za Kati fungua kamusi ya Du Cange, ila ujue nayo inafafanua Kilatini kwa Kilatini. Na sentensi ikitaja marumaru au bandari, Luna ni mji wa Etruria, eneo la Italia ya kale, leo Luni, jirani na Carrara, ambao mawe yake Warumi waliyaita marmor Lunense.

Maelezo ya Lewis na Short ni ya Kiingereza, na kamusi ya Gaffiot iliyomo humo Logeion ni ya Kifaransa. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa aanzie hapo, hana haja ya kuhangaika na Kiingereza cha 1879.