Kitabu cha zamani cha kufunga madishi: nyota nne, na bado kiko kwenye begi langu la kazi

Nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya Dar, 10,000 baada ya kuvutana kidogo. Ni mwongozo wa kufunga madishi ya satelaiti uliochapwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi za madishi makubwa ya C-band (masafa ya mawimbi ya satelaiti yanayotaka dishi kubwa). Gundi ya mgongoni imekauka, picha nyingi zimetoka nyeusi tii, vipimo ni futi na inchi. Mimi ni fundi madishi, na sikukinunua kwa ajili ya kupamba rafu.

Sura iliyorudisha hela yangu ni ile ya umbo la dishi. Mteja mmoja wa Mbagala aliuziwa dishi kubwa lililotolewa kwenye baa iliyofungwa, likaja bila ile mikono mitatu inayoshika LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Mafundi wengine walishamwambia anunue jingine. Kitabu kinakwambia hivi: vuta uzi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, pima kipenyo, kisha pima kina kutoka kwenye uzi hadi kitovu cha dishi. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, ugawe kwa kina mara 16. Lile lilikuwa na kipenyo cha sm 240 na kina cha sm 40. Basi 57,600 gawa kwa 640, jibu sm 90 kutoka kitovu, na hapo ndipo mawimbi yanapokusanyika. Tukaenda kwa mchomeleaji akatutengenezea mikono ya bomba. Halafu 90 ukigawa kwa 240 unapata 0.375, kwa hiyo pete inayozunguka LNB, yenye alama za uwiano huo, nikaisogeza hadi 0.38. Picha zikashika siku hiyohiyo.

Ukurasa unaofuata una jambo dogo ambalo sijawahi kufundishwa na fundi yeyote. Pitisha nyuzi mbili zikatane msalaba juu ya ukingo wa dishi. Zikigusana kwa mbali tu pale katikati, dishi liko sawa. Zikiacha mwanya, au moja ikiisukuma mwenzake, limepinda, na hapo hata ubadilishe LNB mpaka uchoke hutapata kitu. Sisi tunakimbilia kulaumu LNB kwanza kwa sababu ndiyo tunayoiuza!

Kuna mambo lazima uyageuze. Kitabu kinakwambia utazame kusini, maana kiliandikiwa watu wa Marekani. Dar iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na satelaiti hizi zimejipanga juu ya ikweta, km 35,786 kutoka ardhini, kwa hiyo kwetu safu yake inapita upande wa kaskazini. Tena inapita juu sana. Satelaiti iliyoko digrii 36 mashariki, ukiwa Dar, mwinuko wake unakaribia digrii 81. Dishi la LNB ya katikati ukilielekeza huko linalala chali kama beseni, na mvua ya masika inalijaza. Toboa tundu chini. Hilo kitabu hakilisemi, kwao madishi yanasimama.

Ukubwa wa dishi nao usiufuate. LNB za siku hizo zilikuwa na kelele nyingi (si za sauti, ni vurugu za umeme zinazofunika mawimbi dhaifu), ndiyo maana wanadai madishi ya kutisha.

Sura za risiva na za kufungua chaneli zilizofungwa zimeshakufa, ila ndizo nilizozisoma kitandani. HBO, kituo cha televisheni ya kulipia cha Marekani, walianza kuyafunga matangazo yao kwa msimbo muda wote Januari 1986. Kabla ya hapo, mwenye dishi alikuwa anaangalia bure. Profesa Taylor Howard wa Stanford alijiundia dishi nyumbani kwake California mwaka 1976, na mwaka 1979 duka la Neiman Marcus likaweka dishi kwenye katalogi yake kwa dola 36,500. Hebu mtajie bei hiyo mteja anayekulilia kwenye 80,000 ya ufundi.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya zile picha, na Kiingereza chake ni kizito kwa kijana anayeanza, akisome na fundi mzoefu pembeni. Ukikutana nacho, au na ndugu zake wa miaka ile, 15,000 usizidishe. Na kabla hujatoa hela fungua kurasa za mwisho uhakikishe majedwali ya pembe yapo, maana hizo ndizo watu huchana.