Sigma 18-50 na Tamron 17-70 kwa kamera za sensa ndogo

Mimi kwa kamera yangu ya Sony APS-C (ndo hiyo sensa ndogo) natembea na lenzi ya Sigma 18-50 f/2.8 (18-50 ni milimita, namba ikipanda inavuta karibu zaidi; f/2.8 ni tundu kubwa la kuingiza mwanga), gramu kama 290 tu, na vichochoro vya Mji Mkongwe vilivyobana vile ukitoa lenzi kubwa watu wanageuza nyuso, hii hata hawaishtukii. Tamron 17-70 nayo ni f/2.8 ila gramu 525 jamani, shingo inauma, lakini ina kitu cha kutuliza mtikisiko humohumo ndani, jioni Forodhani mkono ukitetema kidogo zile meza za mishikaki zinatoka safi, Sigma haina kabisa, basi kama kamera yako nayo haina utaumia. Na ile 70 ya Tamron inavuta ngalawa za mbali kweli, harusini ndo naazima hiyo.