Tairi Lisilo na Tyubu: Tathmini ya Miezi 18 kwenye Gari la Mizigo

Ni miezi 18 sasa tangu nifunge matairi manne ya tyublesi, yaani yasiyo na tyubu, ya ukubwa wa 195R15C, kwenye gari langu la mizigo, ambalo hutoka soko la Marikiti, Nairobi, alfajiri likiwa limeshiba viazi na vitunguu na kuvigawa katika vibanda vya Umoja, Kayole na Komarock. Niliyanunua katika duka moja la Barabara ya Kirinyaga kwa shilingi 9,500 kila moja, bei hiyo ikijumuisha kufungwa, kubalansi na valvu mpya. Gari nililikuta na tyubu ndani ya kila gurudumu, na pikipiki yangu ingali inatumia tyubu hadi leo, kwa hiyo mifumo yote miwili nimeilipia kwa mfuko wangu na kwa nguo zilizochafuka kando ya barabara.

Katika tairi la tyubu kazi imegawanywa: tyubu inashika upepo, nalo tairi linabeba mzigo na kuikinga tyubu. Katika tyublesi tairi lenyewe hufanya kazi zote mbili. Upande wake wa ndani umefunikwa kwa tabaka jembamba la mpira wa jamii ya butili, ambao huvujisha hewa polepole mno kuliko mpira wa kawaida, na midomo yake miwili, yenye nyaya za chuma ndani, hukaza kwenye rimu kiasi kwamba hewa haipati pa kutokea. Kinachoikaza midomo hiyo ni upepo wenyewe, kwa kuwa presha ikipanda huisukuma nje mpaka ikaruka kituta kidogo kinachoizunguka rimu na kukaa mahali pake, na aliye karibu husikia mlio, pa, kisha wa pili, pa. Fundi ambaye hajausikia mlio wa pili hajamaliza kazi. Valvu nayo haina tyubu ya kushikilia. Imepachikwa kwenye tundu la rimu, na shingo yake ya mpira ndiyo inayoliziba tundu hilo.

Wazo hili si geni hata kidogo. Tairi la upepo ambalo John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast na kulipatia hataza mwaka 1888 lilikuwa na tyubu, na ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya kampuni ya B.F. Goodrich ya Akron, Marekani, kutangaza tairi lisilo na tyubu mwaka 1947. Hataza ya mhandisi wake, Frank Herzegh, ilitolewa mwaka 1952, na kufikia 1955 magari mengi mapya ya Marekani yalikuwa yakitoka kiwandani na matairi ya aina hiyo.

Tofauti niliyoihisi mapema ilikuwa siku ya pancha. Miezi mitatu baada ya kuyafunga, nilipokuwa nikipanga magunia Marikiti, niliona kichwa cha skrubu kiking'aa katikati ya meno ya tairi la nyuma. Kipimo cha presha kilisoma psi 38 badala ya 45, na kwa jinsi kichwa chenyewe kilivyokuwa kimelika, skrubu hiyo ilikuwa imesafiri nami siku kadhaa. Mpira wa tyublesi haukuvutwa kama puto, kwa hiyo chuma kikiingia mpira hukikumbatia na hewa hutoka kwa kuibia. Tyubu ni kinyume chake: imetanuka, ni nyembamba, na ikichomwa huchanika, kisha hewa yote hukimbilia kati yake na tairi na kutokea kwenye tundu la valvu au penye spoku. Nililijua hilo usiku mmoja kwenye Barabara ya Jogoo, pale tyubu ya nyuma ya pikipiki ilipokwisha upepo kabla sijapita nguzo mbili za umeme, usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu, na matatu iliyokuwa nyuma yangu ikanipigia honi kana kwamba nimefanya kusudi.

Skrubu ile ilitolewa bila kufungua gurudumu. Fundi aliichomoa kwa koleo, akalikwangua tundu kwa chuma chenye meno, akaingiza kamba ya mpira iliyopakwa gundi, akakata ncha, kisha akatia mate kwenye kidole na kuyapaka juu ya valvu kuona kama kutatokea povu. Dakika kumi, shilingi 200. Hata hivyo, kamba hiyo ni msaada wa njiani tu. Ukarabati unaostahili kuaminiwa chini ya mzigo ni wa kulishusha tairi, kulikagua ndani na kubandika kile kiraka chenye mkia ambacho mafundi hukiita uyoga, na hufaa tu ikiwa tundu halizidi milimita 6 na liko kwenye uso unaokanyaga barabara. Ubavu wa tairi ukichanika, hakuna kiraka cha kuuokoa.

Wema huohuo wa kuvuja polepole ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika matairi haya. Dereva wa tyubu hujulishwa mara moja, hata kama kwa ukali, ilhali dereva wa tyublesi anaweza kuendesha wiki nzima tairi likiwa na upepo pungufu, ubavu ukijikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto likipanda na nyuzi za ndani zikichoka, mpaka siku tairi zima linapopasuka. Mimi hupima presha kila Jumatatu kabla injini haijapata moto, na kipimo changu cha mfukoni kimeniokolea fedha nyingi kuliko bima.

Lakini kilichonigharimu hasa ni rimu. Shimo moja la Kayole, lililojaa maji ya mvua kiasi cha kufanana na lami, lilipinda ukingo wa rimu ya mbele kushoto, na kuanzia hapo tairi likawa linapoteza upepo kila baada ya siku mbili. Nilisimama kwenye kibanda cha pancha kando ya Barabara ya Outer Ring, na ushauri ukawa ule unaotolewa karibu kila mahali mjini: "Weka tyubu, mzee, na utasahau hiyo shida." Niliweka. Wiki sita baadaye, gari likiwa na magunia manane, tyubu hiyo ilipasuka, na tairi lilipofunguliwa ndani mlikuwa na unga mweusi mwembamba kama masizi, na tyubu ilikuwa imesagika kwa mistari. Sababu yake inaonekana kwa macho: ndani ya tyublesi kuna vijistari na maungio ambayo hayana madhara yakikaa na hewa tupu, lakini yakikutana na tyubu huikwangua kila gurudumu linapozunguka, na msuguano huo huongeza joto. Zaidi ya hayo, ukitia tyubu umeirudisha hatari ya kuisha upepo ghafla, ambayo ulilipa fedha ili uikwepe.

Dawa ilikuwa rahisi na ya bei nafuu kuliko ile tyubu pamoja na usumbufu wake. Fundi mwingine aliinyoosha rimu, akasugua kutu kwa brashi ya waya mahali mdomo wa tairi unapokalia, akabadilisha valvu na kulirudisha tairi bila tyubu. Nililipa shilingi 700, na tangu siku hiyo halijapoteza upepo wa kutajika. Kwa hiyo ninayemshauri anunue matairi haya humwambia kwanza akague rimu zake, na zilizopasuka azitupe, kwa sababu tairi jipya kwenye rimu mbovu ni fedha iliyomwagwa.

Kwenye pikipiki yangu sikuwa na hiari. Rimu yake ni ya spoku, na kila spoku inatoboa rimu, kwa hiyo hewa ingetoka kwa matundu kadha wa kadha. Wenye rimu za aloi wanaweza kutumia tyublesi iwapo rimu imetengenezwa kwa kazi hiyo. Malori makubwa yana hesabu yake: yanayotumia matairi ya 10.00R20 bado hubeba tyubu, flepu (utepe wa mpira unaoikinga tyubu na rimu) na ile ringi ya chuma inayolishikilia tairi kwenye rimu, ambayo ikiruka wakati wa kujaza upepo inaweza kuua mtu, ilhali yenye rimu za inchi 22.5 hutumia tyublesi kwenye rimu ya kipande kimoja.

Kuna udhia mdogo pia. Mdomo ukishabanduka kwenye rimu, pampu ya mguu haisaidii kitu, maana hewa hutoka haraka kuliko inavyoingia. Utahitaji kompresa yenye nguvu, au fundi wa kulizungushia tairi kamba na kuikaza kwa kijiti mpaka midomo itanuke. Nikiwa mbali na mji, hilo hunifanya niikumbuke tyubu kwa heshima.

Unaponunua, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2324, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Muuzaji wangu alinionyesha tarakimu hizo kabla sijauliza, jambo lililonifanya nimwamini. Matairi ninayapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja ningeiongeza kama kila kibanda cha pancha kati ya hapa na Komarock kingekuwa na brashi ya waya na kiraka cha uyoga badala ya lundo la tyubu.