Funguo za API: Siri za GitHub Actions au AWS Secrets Manager?
Funguo za API ni nywila zinazoruhusu programu moja kuwasiliana na nyingine. Je, zihifadhiwe kama siri katika GitHub Actions, sehemu ya GitHub inayoendesha kazi za programu kiotomatiki, au katika Secrets Manager, hifadhi ya siri ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon? Swali hili huwarudia waandishi wa programu wa Kampala, hasa wanaounganisha malipo ya simu ya MTN MoMo. Kwa gharama GitHub inashinda, kwani kuhifadhi siri hakutozwi, ilhali Secrets Manager hutoza dola 0.40 kwa kila siri kwa mwezi. Katika utunzaji, jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, mambo hugeuka: Secrets Manager huweza kubadilisha ufunguo kwa ratiba, mradi uiandikie msimbo wa kufanya hivyo katika Lambda, huduma ya AWS ya kuendesha msimbo, na CloudTrail, kumbukumbu ya matukio ya AWS, huonyesha ni nani aliyeusoma na lini, ilhali kwenye GitHub ufunguo hubaki uleule mpaka mtu aubadilishe mwenyewe. Mwenye mradi mmoja na funguo chache atatosheka na GitHub. Timu inayotumia ufunguo mmoja katika huduma nyingi, huku wafanyakazi wakija na kuondoka, itafaidika na Secrets Manager.